Hii Si Rangi

Lugari
Jumapili, 9 Februari 2025

Awinja,

Mulembe. Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga, anapokea shemeji Protus na kuniambia umelala, au unaoga, au uko mazoezini. Nikituma ujumbe, narudishiwa neno moja tu, "Sawa," na wewe tangu tujuane hujawahi kumjibu mtu kwa neno moja.

Huku mzee wangu anaendelea. Upande wa kushoto bado umekufa, lakini ameanza kunigombeza tena, na mama anasema hiyo ni dalili nzuri. Tunalima tukingojea mvua. Fimbo zangu za dramu ziko juu ya kabati na sizigusi, maana nikizigusa nitamwacha mgonjwa na mahindi nirudi Kakamega.

Sasa nisikilize. Jana binamu yangu Kibet alinionyesha video ya bendi yetu mkipiga kwenye klabu ya Philemon. Nilifurahi kumwona Lynette na gitaa lake la besi. Nilifurahi hata kumwona Mitchel, huyo msichana wa chuo mliyemkalisha kwenye kiti changu. Ana mkono mzuri. Kisha kamera ikakusogelea wewe. Jicho la kulia zambarau mpaka shavuni, pembeni manjano. Mdomo umevimba upande mmoja. Na watu wanashangilia! Kibet akasema, "Rafiki yako ni mkali. Ona vile amejipaka kama mtu amepigwa."

Awinja, tulikubaliana nini? Philemon alipotaka tuvae sketi za kuonyesha mapaja, akasema roki bila mapaja ni makelele, wewe ndiye uliyemjibu, "Tutakuja na nyuso zetu ama usituite." Hatukuvaa sketi zake, na pia hatukujifanya wanaume. Ndiyo sababu niliipenda bendi ile kuliko kitu chochote. Leo umejichora mwanamke aliyepigwa ili wanaume waje kumtazama.

Shangazi yangu Chepng'etich wewe ulimsikia kwa hadithi tu. Mimi nilimpelekea maji ya kunawa kila alipopigwa. Najua rangi hiyo inavyoanza nyeusi, ikawa zambarau, ikamalizikia manjano kama ndizi iliyooza. Mtu aliyekupaka ana mkono wa ajabu. Hakukosea hata mahali pamoja. Mwambie aache. Na wewe uache.

Msalimu shemeji. Mwambie akurudishie simu yako.

Jepkemboi


Amalemba, Kakamega
16 Februari 2025

Chamgei, Jep,

Barua yako ililetwa hapa nyumbani na Protus akaifungua akidhani ni ya kazi. Ameisoma yote. Amecheka sana hapo kwenye simu. Ukiandika tena, tuma kwa saluni ya Lynette, karibu na soko. Huku kwetu barua zinapoteanga. Simu yangu iliingia maji, ndiyo sababu natumia yake. Hakuna jambo.

Kuhusu uso, umenihukumu ukiwa mbali. Ni rangi tu. Lynette alinipaka, na watu wameipenda mpaka wameipa jina: jicho la radi. Philemon ametupa kila Jumamosi mpaka Pasaka. Wasichana wa chuo wanakuja wanasimama mbele kabisa. Na Protus, akiwa pale kwenye mitambo ya sauti, kila mtu anampa mkono. Wanamwambia, mwanamume gani wa huku kwetu angemwacha mke wake ashike gitaa na kupiga mayowe mbele za watu? Hata kanisani naambiwa nimebahatika.

Nikuambie ukweli ambao sikutaka kuusema. Ni rahisi kwako kusema tuje na nyuso zetu. Wewe ulikaa nyuma ya dramu, na hayo mabega yako, na kichwa umenyoa. Hakuna mtu aliyewahi kukutaka uwe mrembo. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele. Wewe ulijificha, halafu ukaenda zako.

Nisamehe mwandiko. Kidole kiliumia mlangoni.

Lakini nilitaka kukuuliza. Shangazi yako, kabla hajafa, alikuwa akiumwa na kichwa? Upande mmoja? Na sikio lilikuwa likilia? Nauliza tu. Kuna wimbo ninaandika.

Awinja


Lugari
23 Februari 2025

Awinja,

Nilikasirikia hayo maneno ya mabega mpaka nikaichana barua yako. Kisha nikaokota vipande, kwa sababu ya yale ya mwisho.

Jibu ni ndiyo. Kichwa kilimuuma upande mmoja, sikio likawa linalia kama nyuki wameingia. Akaanza kutapika. Siku ya mwisho alisimama katikati ya nyumba yake mwenyewe akatuuliza mlango uko wapi. Hakuna wimbo hapo, Awinja. Nenda hospitali leo, Lynette akupeleke.

Ni Protus? Mtu niliyemwita shemeji, aliyekuwa akinipangia maiki za dramu moja moja, akiniuliza, "Jep, unajisikia vizuri?" Nataka uniambie kwamba nimekosea.

Na la pili. Unakumbuka Kisumu, nilipochelewa kurudi jukwaani ukanikemea mbele ya watu kwamba sina nidhamu? Nilikuwa chooni. Wanaume walinifuata humo. Walikuwa wamewekeana dau kama mimi ni mwanamume au mwanamke. Mmoja alinikaba shingo akanibana ukutani, wenzake wakanivua suruali. Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu, naye akanigongesha kichwa kwenye vigae. Walipoona walichotaka kuona, walicheka. Mmoja akasema, "Lipa basi, nilikuambia ni demu." Wakaenda zao wakinywa soda.

Nikavaa suruali, nikarudi, nikapiga nyimbo zote zilizobaki. Nilipiga mpaka fimbo ikakatika na watu wakashangilia kuliko siku zote. Kwa hiyo usiniambie nilijificha. Ukiwa mrembo wanakuja, ukiwa kama mimi wanakuja.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyewavamia. Usifanye hivyo wewe. Niambie.

Jep


Kakamega, saluni kwa Lynette
9 Machi 2025

Jep wangu,

Naandika nikiwa chini ya mashine ya kukausha nywele, nywele zangu kavu kabisa. Lynette amesimama mlangoni akiangalia barabara.

Sikujua mambo ya Kisumu. Nilikugombeza na ulikuwa umetoka kwa hayo. Nisamehe.

Hukukosea. Ni Protus. Ilianza Desemba, mchana, jikoni, tukijiandaa kwenda kwa Philemon. Unaujua ule wimbo wangu ambao mwisho wake napiga ukelele bila maneno. Protus alisema wanaume walio karibu na mitambo walikuwa wamemuuliza kama hivyo ndivyo ninavyolia nyumbani. Akasema, "Mwanamke hapigi kelele hivyo mbele za watu. Unanivua nguo." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Ngumi ya kwanza ilinipata jichoni, nikaangukia jiko, sufuria ya maharagwe ikanimwagikia mguu. Ya pili ilikuwa ya mdomo, na hiyo aliitoa polepole, kama mtu anayepigilia msumari. Kisha akaniambia nivae, gari linangoja.

Lynette alijaribu kuficha kwa poda. Uvimbe haufichiki. Kwa hiyo akaongeza, wanja hapa, zambarau pale, ili ionekane tumefanya makusudi. Niliimba nikilia machozi, wakadhani ni sehemu ya wimbo. Hawajawahi kutushangilia vile, Jep. Tulipokuwa na nyuso zetu hawakutushangilia vile.

Na Protus akaona. Sasa hunipiga siku za shoo. Hata hakasiriki kwanza. Anavua saa yake, anaiweka mezani, ananiita kwa jina. Akimaliza, ananiletea kikopo cha rangi yeye mwenyewe. "Usipake nyingi," ananiambia, "leo imetokea vizuri." Philemon humpongeza mbele yangu: "Mke wako anajua kazi."

Alhamisi Mitchel alikuja mazoezini na jicho zambarau. Nilimrukia, nikamshika mabega, nikamuuliza nani, ni nani amekufanyia hivi. Akacheka. "Nimejipaka, dada. Nimekufikia?" Nikampiga kofi. Nikampiga la pili. Mtoto wa watu! Mkono wangu ulienda vile vile mkono wa Protus unavyoenda, na kwa muda mfupi nilisikia raha. Lynette ndiye aliyenitoa.

Hospitali nilienda. Ngoma ya sikio la kulia imepasuka. Daktari akaniuliza kilichosababisha, nikasema muziki wa sauti kubwa. Akanishauri niache roki.

Kidole hakikuumia mlangoni. Alivunja viwili vya mkono wa kulia siku nilipodai simu yangu. Sipigi gitaa tena, naimba tu.

Tarehe 29 kuna tamasha kubwa la Philemon, uwanjani, kuanzia mchana. Tafadhali usije. Protus anajua ninakuambia mambo. Anakuita "yule dume lako."

Awinja


Lugari
16 Machi 2025

Awinja,

Nimemwambia mzee wangu kila kitu. Hawezi kutamka maneno yote lakini hili alilitamka: "Mlete." Chumba cha nyuma kiko wazi. Usingoje kukusanya vitu. Toka na nguo uliyovaa. Kama hujafika kabla ya hiyo Jumamosi, nakuja mwenyewe, na huyo Protus atalijua dume alilokuwa akiliita.

Jep


Amalemba
23 Machi 2025

Jep,

Usije. Tumeongea. Amelia kama mtoto, amenishika miguu, ameapa kwa jina la mama yake Priscah kwamba basi. Amenirudishia simu. Wiki nzima hajaninyooshea hata kidole, na jicho limeanza kurudi rangi yake. Philemon amelalamika kwamba nitapanda jukwaani nikiwa mtu wa kawaida, lakini Protus amemwambia anyamaze. Nataka kumwamini, Jep. Niachie nimwamini kwanza.

Awinja


Lugari
6 Aprili 2025

Awinja,

Lynette ananiambia uko Shinyalu kwa mama yako, kwamba unakula kidogo na huongei. Anasema watu wakikuuliza juu ya Jumamosi ile, unatazama chini. Labda hukumbuki. Basi nitakusimulia nilichokiona mimi, usije ukabaki na ya kusimuliwa na watu wa mtandaoni.

Sikukutii, nilikuja. Nilisimama katikati ya watu nimevaa kofia. Protus alikuwa chini ya hema la mitambo, upande wa kushoto, saa yake haiko mkononi. Nilipoona ule mkono mtupu nilijua. Ukapanda jukwaani na jicho limefunga kabisa, damu kidogo puani, na uwanja mzima ukanguruma. Mimi niliyekuwa najua ndiye pekee niliyenyamaza.

Wimbo wa kwanza uliuimba vizuri. Baada yake ukasema, "Hii si rangi." Wakapiga makofi. Ukarudia, "Hii si rangi." Mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Rangi safi, madam!" Ndipo ulipochukua taulo la Lynette, ukalimwagia maji ya chupa, ukaanza kujisugua. Ulijisugua kama mtu anayesugua sakafu. Jeraha la nyusi likafunguka, damu ikashuka mpaka kwenye shati, na ile zambarau ilibaki pale pale. Wasichana wa mbele ndio waliokuwa wa kwanza kunyamaza. Ukimya ukarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka ukanifikia.

Ukanyoosha mkono. "Ni yule pale kwenye mitambo. Ni bwana yangu. Hunipiga kabla ya kila shoo ili mfurahi."

Akakukata sauti. Niliona mkono wake ukishuka. Ulikuwa unaendelea kusema, midomo inakwenda, na hatukusikia chochote.

Hilo ndilo lililowakasirisha, nadhani, kuliko hata damu. Hema lilianguka kwanza. Wakamtoa chini ya turubai kwa miguu. Mmoja alimzungushia waya shingoni akamburuta. Mwingine alimpiga na nguzo ya chuma ya spika, nikasikia taya likivunjika, na mguu wake mmoja waliukanyaga mpaka ukageukia upande usiofaa. Wengi wa hao, Awinja, ni wale wale waliokuwa wakishangilia jicho lako.

Mimi sikwenda kumwokoa. Nilikwenda kwenye mitambo. Nilitafuta kitufe chako, nikakupandishia sauti mpaka juu, spika zikalia. Nikakupungia mkono: sema! Wakakutazama wote. Kulikuwa na mwanamume ameinua jiwe kwa mikono miwili, akasimama nalo hapo juu, akakutazama kama mtoto anayengoja ruhusa. Ulikuwa umeshika maiki mdomoni. Hukusema kitu. Akalishusha juu ya Protus.

Akaliinua tena. Ndipo Mitchel aliporuka kutoka kwenye dramu, akakunyang'anya maiki akapiga mayowe, "Acheni! Mtamuua!" Wakaacha. Neno moja tu, wakaacha.

Nakuandikia ili ujue kwamba hakuna anayekulaumu. Ulikuwa umeshtuka. Mtu akishtuka ulimi hukauka. Nimemwambia Lynette hivyo, na polisi nimewaambia hivyo. Usikae huko ukijitesa kwa kitu ambacho mwili wako ulikataa kufanya.

Chumba bado kiko wazi.

Jep


Shinyalu
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Jepkemboi,

Nimeanza kuongea. Neno la kwanza nilimwambia mama, nilimwomba chumvi. Akalia mpaka chakula kikapoa.

Umenisimulia vizuri, na nakumbuka yote, hata kofia yako. Mahali pamoja tu umekosea, na nimejaribu kuliacha hivyo kwa sababu wewe ndiye unayenipenda, lakini siwezi kukaa katika nyumba yenu na baba yako mgonjwa huku unaniona mtu nisiyekuwa.

Sikuwa nimeshtuka. Nilisikia maiki ikiwaka. Kwa sikio langu moja nililobaki nalo nilisikia spika zikilia, nikasikia pumzi yangu ikitoka uwanja mzima. Nilikuona ukipunga. Nilimwona yule mtu na jiwe, na nilijua kwamba nikisema "Wacha" ataacha. Nilikuwa na sauti kuliko nilivyowahi kuwa nayo maishani. Nikanyamaza. Nilitaka alishushe. Lilipoanguka nilisikia raha ile ile niliyoisikia nikimpiga Mitchel. Lilipoinuka mara ya pili sikutaka tena, nataka uamini hivyo, lakini Mitchel alikuwa ameshafika, kwa hiyo sitajua kamwe kama ningesema.

Juzi nilikwenda kuandikisha taarifa. Afisa alikuwa mwanamke, mpole, aliniletea kiti chenye mto. Aliandika kila kipigo tangu Desemba, na amesema Protus atashtakiwa akitoka hospitalini. Nilipofika kwenye maiki akainua kalamu. "Hiyo siandiki, mama," akasema. "Ulikuwa umechanganyikiwa. Mwanamke aliyepitia hayo hawezi kuwaza hivyo." Nikamwambia niliwaza hivyo. Akanipangusa uso kwa kitambaa chake, na sikuwa nalia.

Philemon naye alikuja mpaka hapa kwa pikipiki, na bango mkononi. Ni picha yangu nikiwa na taulo, damu inashuka. Chini ameandika: MWENYEWE ATAKUWEPO. Mama alimfukuza na jembe, kweli kabisa, akampiga nalo kwenye tairi, na wanaume wa jirani wakamwambia mama aone haya, mwanamke mzima kupigana. Nilicheka kwa mara ya kwanza.

Mitchel nimemwomba msamaha. Akasema kofi la pili ndilo lililouma. Bado anataka kupiga na mimi na Lynette. Nimemwambia vidole vyangu vikikubali, tutaona. Jumatano ya wiki ijayo nakuja kwenu, kama baada ya haya bado chumba ni changu. Ukiniandikia hapana, nitaelewa.

Lakini kuna jambo la jana lazima ulijue kutoka kwangu. Mama mkwe, Mama Priscah, alikuwa amenitumia watu kila siku: mke ni mke, nimpelekee mume wangu uji. Jana nilikwenda, na Lynette. Sikubeba uji. Protus amefungwa taya kwa nyaya, mguu umening'inizwa, jicho moja limefunga. Jicho la kulia, Jep, kama langu. Nilipoingia wodi nzima ilinigeukia. Walikuwa wakingoja nilie, au nipige magoti, au nimtemee mate. Wanawake wa namna hizo wanawajua.

Nilimwendea kitandani nikainama, nikamwambia sikioni, polepole, kwa sauti yangu ya kawaida, "Maiki ilikuwa inafanya kazi. Niliisikia ikiwaka."

Alilifumba lile jicho lililobaki. Yeye ni mtu wa mitambo. Alikuwa ameisikia pia, akiwa chini pale, na alikuwa amengoja niseme.

Mama Priscah hakusikia nilichosema. Aliona tu nimeinama, na mwanawe amefumba jicho, na chozi linamtoka. Akadhani nimeomba msamaha. Akanishika mkono huu wenye vidole vilivyofungwa, akaubana kifuani kwake, akasema mbele ya wagonjwa wote, "Sasa ndiyo wewe ni mwanamke."

Nilimwachia aushike kidogo, maana ni mzee na alikuwa analia. Kisha nikauvuta mkono wangu, nikatoka.

Awinja